Pima shavu, usipime buibui

Picha yangu ya kwanza ya mitindo niliipiga Lamu, mtaa wa Langoni, kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya babu, siku ya pili ya Idi. Mtoto wa khalati alikuwa amevaa buibui jipya, jeusi ti, lenye nakshi za uzi wa fedha mikononi, na uso alikuwa ameupamba tangu asubuhi: wanja, nyusi, mdomo wa zambarau. Nikamketisha barazani, nikabonyeza, tukainamia kioo cha kamera. Buibui lilikuwa la kijivu kama jivu la mkaa. Uso ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyepiga chafya juu ya gunia la unga wa ngano. Akaniuliza kwa upole, "Na hii ndiyo unayoisomea Mombasa?"

Ndiyo hiyo. Nilikuwa muhula wa kwanza, kamera ya mtumba mkononi, na kila kitu nilikuwa nimeiachia kamera iamue yenyewe. Tangu siku ile, kila likizo nikirudi Lamu namkamata ndugu mmoja, namvisha, nampamba, nampiga picha, na naandika nambari daftarini. Daftari sasa lina madoa ya hina na tone moja la mchuzi wa samaki. Haya ninayoyaeleza yametoka humo. Lenzi ninayoitumia karibu kwa kila kitu ni moja tu, ya milimita 50, f/1.8 (nambari ya f ni upana wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana), ile ndogo ya bei nafuu. Mwenye simu peke yake naye asiondoke, mengi yanamhusu.

Kamera inadhani dunia ni ya kijivu

Kamera haijui kwamba hili ni buibui na ule ni uso. Inachojua ni kiasi cha mwanga kinachoirudia kutoka mbele yake, na imeundwa kuamini kwamba vitu vyote, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Ikikutana na buibui inadhani pana giza, inaongeza mwanga mpaka weusi ugeuke kijivu, na uso uliomo katikati unaungua. Ikikutana na kanzu inadhani mwanga umezidi, inapunguza: kanzu inatoka kama iliyofuliwa kwa maji ya mtaro, na sura ya mwenye kanzu inazama gizani. Kwetu, ambako siku ya Ijumaa nusu ya watu wako kwenye nyeupe na nusu kwenye nyeusi, kamera inakosea pande zote mbili kabla ya chakula cha mchana.

Dawa yake ni kuinyima nguo nafasi ya kupimwa. Kwenye simu, gusa shavu la mtu kwa kidole na ushikilie mpaka kipimo kifungwe, halafu telezesha alama ya jua chini au juu. Kwenye kamera, tafuta kwenye menyu namna ya kupima mwanga kwa nukta moja tu, si kwa fremu nzima. Sogea karibu, elekeza nukta hiyo kwenye shavu la upande unaopata mwanga. Usipime paji la uso wala pua, maana huko kuna jasho linalong'aa na litakudanganya. Soma nambari, zihamishe kwenye M, hali ambayo unaweka nambari mwenyewe, rudi nyuma upige. Usiziguse tena mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Akivua buibui akavaa leso ya manjano, nambari ni zilezile, kwa sababu shavu ni lilelile.

Kisha kuna marekebisho madogo. Kwa ngozi ya maji ya kunde naacha kama ilivyopimwa. Kwa mtu mweusi wa kung'aa napunguza kati ya nusu hatua na hatua moja, la sivyo kamera itamfanya maji ya kunde kwa nguvu. Kwa mweupe naongeza kiasi hichohicho. Hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa nusu: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka, kutoka 1/125 ya sekunde kwenda 1/250 umepunguza hatua moja; ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 200 kwenda 400 umeongeza moja. Ukishika hesabu hiyo ya mara mbili, vitufe vyote vitatu, kasi, tundu na ISO, vinazungumza lugha moja.

Siku ile ya Idi, kamera ilichagua 1/60 kwa f/2.8 na ISO 400. Nilipopima shavu nikapata 1/250. Hatua mbili nzima za uongo, na sababu ni nguo tu.

Wala tusidhani mashine hizi zilianza na sisi akilini. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak ilizigawia maabara za picha kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikajulikana kwa jina la Shirley. Sura yake ikitoka vizuri, rangi zimekaa sawa. Sura za wengine zilijitegemea. Inasimuliwa kwamba waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa upande wa rangi za giza walikuwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Kabati na peremende zilipata mtetezi kabla ya bibi yangu.

Kichochoro ni studio, ila kina saa zake

Watu hununua taa na miavuli. Sisi tuna kuta. Nyumba za mji wa kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zimepanda ghorofa mbili au tatu, na kati yake pana nafasi ya punda na mtu mmoja aliyejibana. Jua haliingii chini isipokuwa kwa muda mfupi karibu na adhuhuri. Saa nyingine zote linapiga juu ya ukuta mmoja, linagonga chokaa, linashuka kama mwanga uliopitishwa kwenye shuka. Mweke mtu wako amgeukie huo ukuta unaong'aa, yeye mwenyewe akiwa kivulini. Kazi imekwisha nusu.

Angalia tu rangi ya ukuta. Mweupe na wa rangi ya mchanga ni salama. Kuna kichochoro karibu na Ndia Kuu nilichokipenda kwa ajili ya mlango wake wa nakshi, na kila uso niliopiga pale ulitoka na upande mmoja wa kijani. Nilisumbuka na mipangilio ya rangi siku mbili kabla ya kugeuka nyuma nikaona jirani wa mbele amepaka ukuta wake rangi ya kijani kibichi.

Daka lenyewe linastahili aya yake. Lina paa, lina mabaraza pande mbili, limefunguka mbele tu. Maana yake mwanga unatoka upande mmoja na unapungua haraka kadiri unavyoingia ndani. Nilimweka mtoto wa khalati sehemu tatu, ISO 400 na f/2.8 bila kubadilisha, nikapima shavu kila mara. Ukingoni kabisa: 1/500. Nusu hatua ya mguu ndani: 1/250. Mgongo ukigusa mlango: 1/60. Picha ya ukingoni ilikuwa bapa, mashavu hayana umbo. Ya mlangoni ilikuwa na kivuli kizuri lakini macho yalikuwa mazito. Ya katikati ndiyo niliyoitundika ukutani kwetu. Mlango nyuma yake ukawa giza lenye nakshi zinazoonekana kidogo tu, na ndani ya jicho kukatokea kidirisha cheupe, umbo la daka lenyewe. Kitafute hicho kidirisha kila unapopiga uso. Kama hakimo, mwambie mtu ainue kidevu kidogo au ageuke, usibonyeze kwanza.

Adhuhuri mahali pa wazi, hapana. Lamu iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita linapita karibu sawasawa juu ya utosi, na miezi mingine haliendi mbali. Nyusi zinageuka paa na macho yanakuwa mashimo. Nilimpiga bibi forodhani saa saba mchana, akaishika simu, akaisogeza, akaivuta tena: "Mbona sina mato?" Chini ya miti ya Mkunguni, mbele ya Ngome, si bora zaidi, kwani jua hupenya majani na kumwagia mtu madoa kama chui.

Mwanga wa dhahabu kwetu ni mfupi kwa sababu hiyohiyo ya ikweta: jua linapanda na kushuka wima, halikawii pembeni. Tena forodha ya mji inaangalia kisiwa cha Manda, yaani mashariki. Wageni husimama pale jioni wakisubiri machweo na jua linazama nyuma ya mapaa, migongoni mwao. Ukitaka dhahabu usoni mwa mtu pale forodhani, uwe umeshafika baada ya swala ya alfajiri, nguo zimeshapigwa pasi usiku, mekapu imeshakamilika. Una kama dakika 20 kabla mwanga haujawa mkali. Weka mizani ya weupe, yaani rangi ya mwanga ambayo kamera inaihesabu kuwa nyeupe, kwenye alama ya jua, karibu 5200K (K ni kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), usiiachie otomatiki. Otomatiki ikiona rangi ya dhahabu inadhani ni kosa, inaifuta, na umeamka bure.

Shela ya bibi harusi na Shela ya mchanga

Hili nililijaribu kwa sababu ya jina tu. Nikaazima shela ya harusi ya shangazi, tukapanda boti hadi kijiji cha Shela, tukatembea mpaka machuguu ya mchanga yanapoanza. Saa kumi jioni, jua likiwa nyuma ya msichana. Mchanga ule ni mweupe kiasi kwamba unarudisha mwanga kutoka chini na kujaza kivuli cha kidevu, kwa hiyo sikuhitaji kitu cha kuakisi. Pima shavu, kama kawaida. Anga itaungua kidogo, iache.

Kama jua linampiga usoni moja kwa moja, kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha inayofaa hata betri ya kipimo ikifa: jua kali bila wingu, f/16, na kasi ya shata iwe sawa na ISO. ISO 100, basi 1/100. Lakini f/16 inaonyesha kila kitu mpaka mashua za nyuma, na mitindo inataka mandhari yafifie. Fungua tundu la lenzi hatua nne, f/11, f/8, f/5.6, f/4, na uongeze kasi hatua nne, unafika 1/1600. Juu ya mchanga ule mimi nilimalizia 1/2000.

Kwa kitambaa kinachopepea kuna njia mbili. 1/1000 inakigandisha hewani na kila uzi unaonekana. Njia ya pili ni kungoja mwanga upungue karibu na magharibi, kushusha hadi 1/15, na kumwambia msichana asipumue huku upepo ukifanya kazi yake: uso unatulia, shela inakuwa moshi. Nilipiga picha 40 za namna hiyo. Mbili zilifaa. Katika moja ya zile mbili amefumba macho, na ndiyo anayoipenda yeye.

Baada ya mchanga, usibadilishe lenzi hapohapo kwa hali yoyote. Futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Lenzi baridi ikikutana nayo inatokwa jasho, na ukiifuta linarudi.

Nguo zinasema, zipe mwanga wa kusemea

Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Picha ya leso ambayo jina lake halisomeki ni kama barua iliyoloa. Aliyeivaa aliichagua kwa maneno yale, pengine kuna jirani anayelengwa. Basi usipige leso kwa f/1.8, kwani jicho likiwa kali, jina kiunoni linayeyuka. Mimi naenda f/5.6, narudi nyuma kama mita mbili, na nahakikisha mstari wa jina haujakunjwa. Wa simu: kamera ya mbele mara nyingi hugeuza picha kama kioo, jina linasomeka kinyumenyume. Tumia ya nyuma, au zima huo ugeuzaji kwenye mipangilio.

Leso huuzwa doti, mbili zinazofanana, na hapo nikapata jaribio langu nilipendalo. Moja nikamvika, ya pili nikaitundika nyuma yake kwa kamba ya kuanikia nguo. Nilidhani itakuwa vurugu. Mwili ukapotea ndani ya maua na kichwa na mikono vikabaki vinaelea, na huwezi kutazama kitu kingine isipokuwa uso. Baadaye mwalimu akanionyesha kazi za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kutundika shuka ya kitandani mwake nyuma ya wateja, akitegemea mwanga wa jua uani. Nikajiona nimegundua kitu ambacho kilishagunduliwa na mtu mwenye shuka. Na hapa Lamu penyewe, marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio tangu miaka ya 1960, na kwa mkasi na gundi alikuwa akipachika picha za watu ndani ya picha nyingine, miongo kadhaa kabla ya sisi kupata programu za simu za kufanya hivyo.

Kikoi cha mistari myembamba kina ugonjwa wake: kwenye picha mistari inaanza kucheza mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye nguo. Ni mistari ya nguo ikigombana na safu za pikseli. Songa mbele au nyuma nusu mita, au geuza nguo kidogo, yanaondoka. Kuyaondoa baadaye kwenye kompyuta ni adhabu.

Kofia ya kushonwa kwa mkono ndiyo iliyonifunza mwanga wa ubavuni. Ami anayo moja iliyochukua miezi mkononi mwa fundi, vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi, nyeupe juu ya nyeupe. Niliipiga kwa mwanga wa mbele: kibakuli cheupe, basi. Nikamgeuza mpaka mwanga wa mlango ukampata kwa ubavu, karibu usambae juu ya kofia, na kila kitobo kikapata kivuli chake. f/8, ISO 200, 1/30, kamera imewekwa juu ya baraza ili isitikisike. Kwa nyeupe kama hiyo washa onyo la kamera linalomweka pale mwanga unapozidi. Kofia ikimweka, punguza theluthi ya hatua, na tena, mpaka inyamaze. Weupe uliokwisha ungua haurudi, hata kama unapiga faili ghafi, ile ya RAW. Na faili ghafi upige. Inachukua nafasi kubwa kwenye kadi lakini inakuachia urekebishe rangi bila kuharibu ngozi.

Urembo: poda, hina na uongo wa taa

Kwa joto letu uso unang'aa kabla ya mekapu kukauka. Wapambaji wengi hukimbilia poda, safu juu ya safu. Mimi naomba tishu. Bonyeza, usisugue, kwenye pua na paji, halafu acha mng'ao wa juu ya shavu na wa mfupa wa pua. Ngozi nyeusi umbo lake kwenye picha linachorwa na mng'ao zaidi ya kivuli. Ukiufuta wote unabaki na sahani. Kinachotakiwa ni mng'ao mpana, laini, na huo unaupata kwa mwanga mpana. Chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili na kutundikwa dirishani ndicho chombo changu. Kwa kuakisi kutoka chini natumia kanzu kuukuu iliyotandazwa mapajani mwa anayepigwa. Niliwahi kutumia leso ya machungwa kwa sababu ilikuwa karibu. Kidevu cha binamu kilionekana kama amekunywa supu ya karoti bila kijiko.

Faundesheni ilinganishwe shingoni, kwenye mwanga wa mchana, mlangoni. Si chini ya balbu.

Na fleshi. Poda nyingi zenye silika, na krimu za kukinga jua zenye titani dioksidi au zinki oksidi, hazionekani kwa macho lakini fleshi ikizipiga zinarudisha mwanga mweupe. Katika harusi moja ya mtaani nilimpiga dada wa bibi harusi kwa fleshi ya moja kwa moja, na chini ya macho yake kukatoka nusu-mwezi mbili nyeupe. Hakunisemesha mpaka maulidi. Sasa kabla ya kazi yoyote ya fleshi napiga picha moja ya majaribio mara tu poda inapomalizika, wakati bado kuna nafasi ya kunawa.

Hina usiipige siku inapotolewa. Siku ile ni ya machungwa. Hukolea ndani ya siku moja au mbili, na rangi nzuri kabisa ipo siku ya pili. Piko nyeusi haina subira hiyo, ila piko nyingi ni rangi ya nywele tu na zipo ngozi zinazochubuka kwayo, kwa hiyo mimi simwambii mtu ajipake kwa ajili ya picha yangu. Kwa hina usitumie mwanga wa ubavuni kama wa kofia, maana hina haina kina. Mwanga laini wa mbele ndio unaotoa maua. Halafu kuna suala la ukali. Kwa kamera yenye kihisi kidogo kama yangu, lenzi ya 50, umbali wa sentimita 60, f/2 inakupa kama sentimita moja tu iliyo kali. Ncha za vidole zimo, kifundo hakimo. Kwa f/8 unapata kama sentimita nne. Na mwambie aweke viganja sambamba na kamera, kama anayesukuma mlango, vyote viwe ndani ya hizo sentimita nne.

Uso nao una umbali wake. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi mita moja na nusu, tumia mkuzo wa 2x. Pua nyingi zinazolalamikiwa hazina kosa, kosa ni la mkono mfupi.

Ndani, usiku, kati ya wanawake

Hapa ndipo msichana mwenye kamera anapopata kazi Lamu, na hapa ndipo anapoweza kuipoteza. Kwenye sherehe za wanawake watu wamevua mabuibui, wamejipamba kwa ajili yao wenyewe, na simu mara nyingi huachwa mlangoni. Nikiingia nauliza kwanza: nani apigwe, nani asipigwe, nani apigwe mikono na mgongo tu. Nikimaliza namkabidhi mama wa bibi harusi kadi, yeye ndiye anayeitunza mpaka tukae pamoja kuchagua. Sibaki na nakala. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mtu anayetambulika katika picha, lakini kwetu desturi hii ni ya zamani kuliko sheria hiyo.

Kiufundi, chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni kizuri na kigumu. Balbu ya manjano iko karibu 2700K, mwanga wa dirishani karibu 5500K, na uso uliopata vyote viwili unakuwa na mashavu ya rangi mbili. Chagua mmoja: zima balbu au funga dirisha. Taa za umeme wetu wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini shata ya haraka inaona, na picha inatoka na mikanda ya giza. Baki kwenye 1/100 au 1/50. ISO panda 1600 au 3200 bila woga. Chenga kidogo, vile vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, zinasameheka, uso uliotikisika hausameheki.

Mafunzo mengi husema geuza fleshi juu, igonge dari. Waliosema hivyo wana dari nyeupe. Dari la nyumba ya kale ni boriti za mikoko, linakula mwanga na kurudisha kahawia. Geuza fleshi kwenye ukuta wa chokaa ulio ubavuni au nyuma yako. Ukuta unageuka dirisha kubwa, na zidaka zenyewe zinapata vivuli vyao.

Kuhusu kurekebisha baadaye nina sharti moja. Natoa chunusi, kwa sababu itaondoka wiki ijayo yenyewe. Sitoi kovu, baka wala mstari wa kucheka nisipoombwa, na siipaushi ngozi hata nikiombwa. Kuna studio moja ilimrudishia jamaa yetu picha za harusi akiwa mweupe kuliko shela. Mama yake aliuliza kwa dhati kabisa ni picha za nani.

Ukitaka kujua kama umeshika, fanya hili kesho saa nne asubuhi. Mtu mmoja, daka moja, sehemu moja. Pima shavu, funga nambari kwenye M. Mpige akiwa na buibui, mpige na kanzu ya kaka yake juu ya mabega, mpige na leso. Ziweke picha tatu sambamba, funika nguo kwa kiganja, utazame uso tu. Ukiwa uleule katika zote tatu, endelea na mengine. Mimi nilifika hapo jaribio la nne, na mtoto wa khalati sasa anadai gilasi ya juisi ya ukwaju kwa kila nguo anayobadilisha, kabla ya kubadilisha.